Paneli kubwa, usiku mfupi: maswali ya wasomaji kuhusu umeme wa jua nyumbani

Barua nyingi mwezi huu zimetoka Goma, chache Sake na Bukavu. Tumechagua zile zinazogusa makosa tunayoyakuta nyumba hadi nyumba.

Nilinunua paneli ya wati 330, regilateri (kifaa kinachoongoza chaji kati ya paneli na betri) iliyoandikwa MPPT na betri ya ampea-saa 100. Nina taa tano, televisheni ya inchi 32, dekoda na simu nne. Kila siku moto unakatika saa tatu usiku. Fundi anasema niongeze paneli ya pili. Nifuate? (Mama wa Ndosho)

Mama, pesa ya paneli ya pili iache kwanza. Tupige hesabu. Taa tano za wati 7 kwa saa nne ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne ni 200, dekoda ya wati 15 ni 60, simu nne ni kama 50. Jumla 450. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu tu ili isife mapema unapata 600. Kwa hiyo betri inatosha, kama inajaa. Shida ni kwamba haijai.

Geuza paneli usome kibandiko cha nyuma. Paneli za wati 330 nyingi zimeandikwa Vmp (volti zikiwa kazini kwa nguvu zote) karibu volti 37 na Imp (ampea za wakati huo) karibu ampea 8.9. Regilateri ya aina ya PWM huishika paneli hiyo na kuishusha mpaka volti za betri, tuseme 13, na ampea zinabaki zilezile. Zidisha 13 kwa 8.9: wati 116. Wati zaidi ya 200 ulizolipia hazifiki kwenye betri. Regilateri ya MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti zake 37, kisha inazigeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchajia.

Neno MPPT kwenye kasha halithibitishi kitu. Sokoni zimejaa PWM zilizobandikwa jina hilo. Pima mwenyewe. Saa tano asubuhi, jua likiwa wazi na betri haijajaa, weka multimeta kwenye skrubu mbili ambapo waya za paneli zinaingia kwenye regilateri. Ukisoma 13 au 14, hiyo ni PWM hata ingekuwa na skrini ya rangi. Ukisoma 30 na zaidi, ni MPPT. Usipime betri ikiwa imejaa, kwa sababu hapo hata PWM huachilia paneli na volti hupanda, ukadanganyika.

Ukibadilisha, tafuta ya ampea 30 inayovumilia volti 100 za kuingia. Zile za mwisho volti 50 ni hatari kwako: paneli yako bila mzigo ina volti kama 46, na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. Kama betri ni ya risasi (ya asidi, si lithiamu), weka kikomo cha kuchaji ampea 20. Kwa Goma tunahesabu saa nne za jua kamili kwa siku, tunatoa asilimia 30 zinazopotea njiani: 330 mara 4 mara 0.7 ni wati-saa 924. Paneli yako moja inazidi mahitaji yako mara mbili.

Jambo la mwisho kwako: konvertisa, kile kisanduku kinachotoa volti 220, hula wati 10 hivi hata kama hakuna kitu kimechomekwa. Ikiachwa wazi mchana na usiku ni wati-saa 240, zaidi ya televisheni yako. Izime mnapolala. Ikiwezekana, taa zifunge moja kwa moja kwenye volti 12.

Ninatumia betri za gari kwa sababu ni za bei nafuu, lakini hazimalizi mwaka. Je, lithiamu ni suluhisho? (Kadutu, Bukavu)

Betri ya gari ina bamba nyingi nyembamba. Imeundwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe upya palepale. Nyumbani unaikamua usiku kucha, na kile kinachofunika bamba kinamomonyoka na kuanguka chini. Ikikaa siku nyingi za mawingu bila kujaa, fuwele za salfati zinagandia juu ya bamba na haziyeyuki tena. Betri hiyo haikuwa mbovu ulipoinunua; ilipewa kazi isiyo yake.

Iache betri saa tatu bila kuchaji na bila mzigo, ndipo upime. Volti 12.7 imejaa. 12.2 ni nusu, na hapo ndipo pa kusimama. 11.8 tayari unaiua. Konvertisa nyingi hupiga kelele zikifika 10.5, na hapo umechelewa sana, kwa hiyo usiitegemee kelele hiyo.

Kama unabaki na risasi, nunua iliyotengenezwa kwa jua. Ikiwa ni ya kuongeza maji, tumia maji yaliyosafishwa ya betri peke yake. Ya bomba, ya ziwa na ya mvua kutoka kwenye mabati yana madini na uchafu. Usifunge betri mpya sambamba na ya zamani. Ile ya zamani huivuta mpya mpaka zilingane kwa udhaifu.

Lithiamu ya aina ya LiFePO4, ndiyo, inalipa kwa anayetumia kila siku: unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake, na nzuri huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 2,000. Weka regilateri kwenye volti 14.2 hadi 14.4, na uzime kabisa ile hatua ya kusawazisha betri. Kabla ya kulipa, ipime kwenye mizani. Ya ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Ukipewa ya kilo 6, ndani hamna seli za ampea-saa 100.

Majivu ya volkano yakishuka nifute paneli kwa kitambaa? (Sake)

Hapana, usifute yakiwa makavu: majivu hayo ni vipande vya kioo na mawe, yatakwaruza. Mwaga maji mengi asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kisha pitisha sponji laini. Paneli ilazwe kwa nyuzi 10 angalau ili mvua isaidie. Huku kwetu karibu na ikweta upande wa kuelekea si jambo kubwa. Kivuli cha mparachichi au cha antena ndicho kinachokula nguvu, hata kikigusa pembe moja tu.

Kiwanja changu ni makoro (mawe ya volkano) matupu. Nondo ya erthi, ile ya kupeleka umeme wa radi ardhini, haiingii. Je, naweza kuacha? (Majengo, Goma)

Usiache. Milima ya mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Nondo ikikataa kuzama wima, laza waya. Chimba mtaro wa mita 15 hadi 20, kina sentimita 40 au zaidi, ukipita pale penye udongo: chini ya migomba, au maji ya kuogea yanapotokea. Weka waya wa shaba usio na ganda wa milimita za mraba 25. Funika kwa udongo mwekundu wa kubebwa, kwa sababu changarawe ya volkano haishiki unyevu.

Kisha funga pamoja fremu za paneli, chuma kilichozibeba, mabati na kasha la konvertisa, vyote kwenye waya huo mmoja. Weka kinga ya radi ya umeme wa DC pale kebo za paneli zinapoingia ndani. Na kebo hizo mbili, chanya na hasi, zipite pamoja zikiwa zimesokotwa. Fundi akipitisha moja kulia na nyingine kushoto mwa nyumba ametengeneza duara kubwa, na radi ikianguka hata kwa jirani, duara hilo hudaka volti za kutosha kuchoma regilateri.

Radi ikipiga paneli yenyewe, hakuna kinga itakayookoa kitu. Tenganisha paneli kabla mvua haijafika. Ngurumo zikishaanza, usipande juu wala usishike kebo.

Betri inaweza kukaa chumba cha kulala? (Himbi)

Ya risasi, hapana. Inapochaji hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini, hukaa chini. Haidrojeni hupanda, kwa hiyo tundu la hewa litobolewe juu, karibu na dari.

Ninachomeka konvertisa kwenye priza ya ukutani, nyumba nzima inawaka taa. Jirani ananikataza. Ana haki? (Katindo)

Ana haki, ndugu, na uache leo. Umeme wako unatoka mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kurekebisha laini akiamini imezimwa anaweza kufa. Moto wa mtaa ukirudi, konvertisa inaungua papo hapo.

Nunua swichi ya kubadilisha yenye nafasi tatu, mtaa, sifuri, jua, inayokata waya zote mbili, ya moto na ya nyutro. Pasi na jiko zibaki upande wa mtaa tu: wati 1,000 kwenye volti 12, pamoja na kinachopotea ndani ya konvertisa, ni zaidi ya ampea 90 kutoka kwenye betri. Kwa konvertisa ya ukubwa huo, kebo za betri ziwe za milimita za mraba 35, zisizidi mita moja na nusu, na fuzi ya ampea 125 iwe ndani ya sentimita 20 kutoka ncha ya chanya. Zile kebo nyembamba zinazokuja ndani ya kasha, ukizishika baada ya dakika kumi za mzigo na kukuta zina joto, zing'oe.