Kabla hujaenda kusemea nyumbani ukiwa ugenini

Wadogo zangu mlioko masomoni nje, kuna siku mtaalikwa kwenye mkutano unaohusu watoto wa Afrika, na mtajikuta mnaulizwa habari za bara zima. Mimi yalinikuta Durban, Mei 2022, nikisoma shahada ya pili. Ulikuwa Mkutano wa Tano wa Dunia wa Kutokomeza Utumikishwaji wa Watoto, wa kwanza kufanyika Afrika. Jiji lilikuwa bado linauguza majeraha ya mafuriko ya Aprili.

Someni kabla hamjaenda. Mimi sikusoma, nilijiona mwenyeji wa mada, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo. Huko ndani watu wanataja "138" na "182" kama makondakta wanavyotaja njia za daladala, nami natikisa kichwa tu. Kumbe 138 ni mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1973 kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa, na 182, wa 1999, unahusu kazi mbaya zaidi kwa mtoto. Sheria za kwenu nazo msiziache. Sheria ya Mtoto yetu Tanzania, ya 2009, inaruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kazi hatarishi ni mwiko hadi 18. Mtu akikuuliza, umjibu hivyo, si "kwetu inategemea".

Mavazi, kadi za mawasiliano, hayo mtajifunza wenyewe. Ila ukumbini kuna serikali, waajiri na wafanyakazi, kila kundi na maneno yake. Ukitaka kujua mambo, kakae na watu wa vyama vya wafanyakazi wa mashambani wakati wa chai.

Na hapo kwenye chai ndipo nilipoumbuka. Mzungu mmoja aliniuliza kwa upole kama ni kweli kwetu watoto wanafanya kazi za shamba. Nikapandisha. Nikamwambia mimi mwenyewe nimevuna tumbaku tangu darasa la tatu, nimefunga majani kwenye fito, nimelala kwenye bani, banda la kukaushia majani, nikichochea moto, na leo niko hapa. Kazi ilinijenga! Nilijiona nimeitetea nchi.

Pembeni alikuwepo mama mmoja wa Malawi, mtu mzima, amewahi kulima tumbaku. Hakubishana nami. Aliuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unatapika?"

Nilinyamaza. Asubuhi zile, majani yana umande, shati limelowa hadi tumboni, vidole vimeganda utomvu mweusi hata ugali unakuwa mchungu. Ikifika saa nne kichwa kinazunguka, natapika, mama ananirudisha nyumbani. Sisi tuliita malaria. Yule mama akanieleza kwamba nikotini ya jani bichi hupenya kwenye ngozi, hasa likiwa limelowa, na kwamba mtoto mwili wake mdogo huzidiwa upesi.

Kwa hiyo mkiulizwa, msikimbilie kutetea, na msijidhalilishe ili mhurumiwe. Sema ulichokiona: umri gani, saa ngapi, kazi gani, shule ulikosa siku ngapi. Siku ile ukumbini zilitajwa takwimu za 2020: watoto milioni 160 wanaotumikishwa duniani, zaidi ya nusu yao Afrika kusini mwa Sahara, na asilimia 70 wakiwa kwenye kilimo. Asubuhi niliziandika daftarini kama habari za watu wengine. Baada ya chai nilizisoma upya. Halafu nikamkumbuka jirani yangu wa dawati, tuliyekuwa tunafunga naye fito. Yeye hakumaliza la saba, na mimi nilikuwa nimejitolea mfano peke yangu.

Usiku nikampigia mama. Nikamuuliza kama msimu ule watoto wa kaka walivuna asubuhi na umande.

"Sasa ulitaka wavune saa ngapi," akasema, "na jua lile?"