Kabla hujaficha kisanduku chako cha kwanza mlimani

Wengi wanaoanza mchezo wa letterboxing, yaani kuficha visanduku na kuvitafuta kwa vidokezo vilivyoandikwa na mfichaji, hukimbilia kuficha. Subiri kwanza, utafute vya wenzako. Ukishahangaishwa na vidokezo vibovu vya mtu mwingine kwenye mteremko wenye ukungu, ndipo utajua vyako uviandikeje.

Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1854 mwongoza watalii James Perrott aliacha chupa Cranmere Pool, katika nyika za Dartmoor, Uingereza, ili wanaofika waweke kadi zao. Siku hizi ni kisanduku chenye daftari na mhuri wa mpira: unagonga mhuri wake kwenye daftari lako, na wako kwenye daftari lake. Hakuna zawadi. Peremende au chochote chenye harufu usiweke, maana wanyama watakifikia kabla ya watu.

Adui mkubwa ni maji. Chombo kiwe cha plastiki ngumu, mfuniko ubanwe pande zote nne. Daftari likae kwenye mfuko wake wa zipu na mhuri kwenye wake. Pedi ya wino mimi siachi ndani, kila mtu abebe yake. Na kabla ya kufunga, pitisha kidole ukingoni mwa mfuniko. Jani moja la nyasi likibanwa pale, mvua ya usiku mmoja inatosha kulifanya daftari uji.

Pa kuficha, omba ruhusa kwa wenye ardhi. Hifadhi nyingi haziruhusu kuacha kitu. Usichimbe, usibomoe ukuta wa mawe, magofu na makaburi uyaache kabisa. Kaa mbali na ukingo wa genge la mwamba, maana anayetafuta macho yake yako kwenye mawe, haangalii hatua yake inayofuata itakanyaga wapi. Wageni wa mchezo hupenda kurundika mawe juu ya kisanduku, na rundo lililopangwa vizuri hivyo humwita kila mpita njia. Jiwe moja bapa linatosha, mradi ule upande wenye ukoga urudi juu kama ulivyoukuta.

Kazi hasa iko kwenye vidokezo. Gogo lililoanguka litaoza au litachomwa kuni, kwa hiyo tegemea jabali, kona ya kijito, njia panda. Ukitaja nyuzi za dira, sema kama ni za kaskazini ya sumaku, inakoelekea sindano ya dira, au ya ramani, kwa sababu kuna sehemu tofauti ya hizo mbili inapita nyuzi 10. Kosa la nyuzi 5 tu ndani ya mita 100 linampeleka mtu karibu mita 9 pembeni, na mita 9 za vichaka ni asubuhi nzima. Gawa safari vipande vifupi. Au toa alama mbili, mathalani kilele na jabali, ambazo mistari ya dira kutoka kwake inakatana kisandukuni kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Simu iwe mbali na dira unapopima. Hatua nazo zina hila: mtu akipanda hufupisha mguu, akishuka huurefusha, basi hesabu ya hatua iache kwa sehemu tambarare. Kisha mpe mwenzako kidokezo, umfuate nyuma bila kufungua mdomo. Utateseka, lakini utajua.

Ukiwa mtafutaji na umekwama, usifumue kila jiwe. Rudi mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika, upime upya. Shimo lipekue kwa fimbo kabla ya mkono, nyoka hupenda palepale tunapopenda sisi. Wakipita watu, inama ufunge kamba za viatu, wasijue unachotafuta. Saa ya kugeuza uiamue ungali chini, na ikifika ugeuze, hata kama kimebaki kidokezo kimoja.

Kisanduku ulichoficha ni chako kukitunza. Kikague baada ya mvua za kwanza, na daftari la akiba ulibebe. Siku ukiona huwezi tena kupanda, kishushe na uviondoe vidokezo vyake, mtu asije akapanda bure.