Re: Nyumba imepigwa X, niendelee kujenga?

Salama mkuu. Kwa hiyo nyumba ya Manzese imepigwa X (alama ya kubomolewa), mjumbe anasema mtaa unapangwa upya, nawe umekwama katikati ya ujenzi.

Simamisha fundi kwanza. Nenda idara ya mipango miji pale manispaa ya Ubungo, uombe kuiona ramani yenyewe (mjumbe si mpima ardhi). Hakikisha X si ya hifadhi ya barabara. Hiyo ni ya wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kesi nyingine kabisa.

Mthamini wa fidia akija, uwepo. Muonyeshe mpaka choo na miembe, piga picha, usisaini fomu yenye nafasi wazi. Fidia ya mama yangu iliokolewa na picha. Na fidia si nyumba tu, dai pia posho ya usumbufu na usafiri.