Nataka kuacha kazi niwasindikize akina mama leba, na binti yangu anataka mbwa

Kwako Shangazi, nakusalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 36, nami ni karani wa mikopo katika sacco moja mjini Thika. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Ninaishi na binti yetu wa miaka minane katika nyumba ya kupanga yenye ua, na mama mkwe anaishi mwendo mfupi kutoka kwetu. Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu alipojifungua, nikakaa naye tangu uchungu ulipoanza hadi mtoto alipolia, na tangu siku hiyo kazi ya mezani imenichosha. Nataka kujiuzulu nisomee kazi ya dula. Wakati huohuo binti yangu anamlilia mbwa, nami naona mbwa atatulinda baba yake asipokuwepo, ila nimeshindwa kuchagua kati ya German Shepherd, Labrador na Japanese Spitz. Kuna mtu Ruiru anayenihimiza nimtumie malipo ya awali ya mtoto wa German Shepherd mwenye wiki tano. Mama mkwe anasema kazi hiyo ni ya wakunga wa kijijini, na mbwa wa kuingia ndani ni mambo ya Wazungu. Nifanye nini? – Mkamwana, Thika

Binti yangu,

Umeniandikia maswali mawili, lakini usiku utakapopigiwa simu saa nane kwamba mteja wako ameanza uchungu, yote yatakuwa swali moja: nani atabaki na mtoto, na nani atamlisha mbwa asubuhi ukiwa bado hospitalini? Swali hilo hukuniuliza, nami naona ndilo linalopaswa kupata jibu kabla ya mengine yote.

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi hii, dula ni mtu aliyefunzwa kumsindikiza mwanamke katika ujauzito, katika leba na katika siku za kwanza baada ya kujifungua. Humkanda mgongo, humsaidia kubadili mkao, humkumbusha kunywa maji, na humweleza kwa lugha nyepesi jambo ambalo daktari amelisema kwa haraka. Hapimi mlango wa kizazi, hatoi dawa wala hazalishi, kwa kuwa hizo ni kazi za mkunga, ambaye nchini Kenya sharti asajiliwe na Baraza la Wauguzi. Ikiwa kilichokugusa siku ile ni mikono iliyompokea mtoto, basi unachokitaka ni ukunga, nao husomewa kwa miaka. Ikiwa ni ule mkono wa mdogo wako uliokushika usiku kucha, endelea kusoma.

Faida ya kazi yenyewe siitilii shaka. Mapitio ya tafiti 26 kutoka nchi 17, yaliyochapishwa na mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane mwaka 2017 na kuwahusisha wanawake 15,858, yalionyesha kwamba mwanamke aliyesindikizwa bila kuachwa katika leba alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida na uwezekano mdogo zaidi wa kufanyiwa upasuaji, na leba yake ilikuwa fupi kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mwandani anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Pendekezo, hata hivyo, halijengi wodi. Katika hospitali nyingi za umma akina mama hulazwa karibukaribu bila pazia, na muuguzi akikuzuia mlangoni huenda anawalindia wengine faragha yao, kwa hiyo utahitaji subira na maneno mazuri hata pale utakapokuwa na haki.

Sasa fikiria saa zake. Leba inayoenda kasi huhesabiwa tangu mlango wa kizazi ufunguke sentimita 5, na kwa uzazi wa kwanza kwa kawaida haizidi saa 12, lakini kabla ya hapo kuna uchungu wa awali usio na kipimo cha muda, na mara nyingi mteja atakuita wakati huo. Unaweza kutoka nyumbani Jumatatu jioni ukarudi Jumatano alfajiri. Isitoshe, tarehe inayoandikwa kliniki ni makadirio tu, kwani ni takriban mtoto 1 kati ya 20 anayezaliwa siku ileile, na kwa sababu hiyo dula hukaa tayari tangu wiki ya 38 hadi ya 42, simu ikiwa kando ya mto, bila kusafiri mbali.

Kwa hiyo sikushauri uandike barua ya kujiuzulu mwaka huu. Wewe ni karani wa mikopo, unajua kuliko mimi kinachoupata mkopo wa mfanyakazi siku anapoacha kazi. Usichanganyikiwe pia na yale unayoyasoma kuhusu Marekani, ambako jimbo la Minnesota, kwa mfano, lilianza mwaka 2014 kuwalipia madula kupitia bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Kwetu tarajia kulipwa kutoka mfukoni mwa mteja, na walio tayari kutoa pesa hizo hawapatikani kila mtaa. Soma mwishoni mwa wiki, kisha uanze na upande wa kazi unaoweza kupangiwa saa, yaani kumhudumia mzazi baada ya kujifungua: kumsaidia kunyonyesha, kumpikia uji, kumshikia mtoto ili alale. Likizo yako, ambayo kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka, itunzie leba chache za mwanzo.

Jambo moja zaidi kuhusu kazi. Mdogo wako alijifungua salama, na ndicho kisa pekee ulichokiona. Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, na wapo pia watoto wasiolia. Jiulize kama ungeitaka kazi hii asubuhi ya pili baada ya mteja wako kurudi nyumbani mikono mitupu. Kabla hujalipa karo, mtafute mkunga mwenye miaka mingi kazini umwulize anavyoishi na siku kama hizo.

Naja kwa mama mkwe, na hapa naomba usinikasirikie, kwa sababu ana haki kwa sehemu kubwa. Wakunga wa kijijini walikaa na mwanamke tangu mwanzo hadi mwisho, na leo katika kaunti kadhaa wamehimizwa waache kuzalisha na badala yake wawasindikize wajawazito hadi hospitalini. Alikusudia kukukatisha tamaa, lakini ameieleza kazi yako vizuri kuliko vipeperushi vingi. Yeye ndiye mtu mzima pekee aliye karibu nawe usiku, kwa hiyo bila ridhaa yake huna kazi. Mume wako ndiye wa kulianzisha jambo hili kwa mamake, ana kwa ana, atakapokuja mwisho wa mwezi. Nawe baadaye uende na kitu mkononi, umwulize alivyojifungua yeye na nani alikuwa naye. Ukishamsikiliza, ndipo umwombe akae na mjukuu wake usiku utakaoitwa. Na umwambie mbwa atalala barazani nyuma, si chumbani. Hilo mpe bila mabishano, maana mbwa hadhuriki kwa kulala kwenye kibanda kikavu kisichopigwa na upepo.

Kuhusu aina ya mbwa, unamtafuta mlinzi na rafiki wa mtoto katika mnyama mmoja, na wauzaji watakuambia yupo. German Shepherd ni mwerevu sana, lakini werevu huo unadai kazi na mafunzo ya kila siku. Akiachwa peke yake uani hubweka ovyo au hujifunza kumwogopa na kumwuma kila mgeni, na uzao wake una tatizo linalojulikana la nyonga. Labrador ni mpole kwa watoto, ila ana nguvu, hula kupita kiasi, na katika miaka yake miwili ya kwanza atatafuna viatu vyenu vyote. Japanese Spitz ni mdogo na hubweka vya kutosha kumshtua mwizi, lakini hapendi kuachwa, na manyoya yake meupe yanataka kuchanwa mara kwa mara.

Kwa maisha uliyonielezea, ningechukua mbwa wa kienyeji, jike aliyekwisha kukua, mwenye miaka miwili au mitatu na tabia inayojulikana. Mwizi hukimbizwa na kelele, hahitaji kuumwa. Shirika la kulinda wanyama la KSPCA jijini Nairobi hutoa mbwa waliookolewa kwa watu wa kuwalea. Nenda na binti yako, mkae na mbwa huyo kwa muda kabla ya kuamua, na mama mkwe aje pia ikiwezekana, kwani yeye ndiye atakayemlisha usipokuwepo. Mwenye nyumba akubali kwanza, kwa maandishi. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka, hasa kwa kuwa kuna mtoto nyumbani, na dawa ya kupe isisahaulike. Tafadhali usimfunge mnyororo mchana kutwa ili awe mkali usiku, kama wengi wanavyofanya.

Huyo wa Ruiru usimtumie pesa. Mtoto wa mbwa hatakiwi kuachishwa mamake kabla ya wiki nane, na mtu anayemuuza akiwa na tano ama hajui kazi yake ama anakwepa gharama ya kumlisha. Mwombe akuonyeshe mama wa watoto hao na kadi ya chanjo. Akikuambia kuna mteja mwingine anayesubiri, mwache huyo mteja amchukue.