Nyumba ipo shamba, funguo zipo mjini

Maswali ya wasomaji, anajibu Bi Mkubwa

Assalaamu alaykum wasomaji. Safari hii barua nyingi mlizoleta ni za hizi nyumba za kupumzikia, yani mtu kazi yake iko mjini au ng'ambo, kajenga kijumba chake Jambiani au Matemwe au kule Pemba, anakwenda mwisho wa wiki na sikukuu, alafu siku zote nyengine nyumba iko tupu na yeye roho juu. Nimechagua nne, zilobaki zinafanana na hizi hizi.

*Bi Mkubwa, mie nakaa Mbweni, nimejenga nyumba upande wa Jambiani karibu na pwani. Mwanzo waliniibia pampu ya maji, mara ya pili wakapanda juu ya banda wakang'oa paneli za sola. Sasa nimeamua napiga ukuta mrefu kiwanja chote, juu vipande vya chupa, na mbwa wawili wakali nawaleta. Majirani wamekuja juu ati nimewafungia njia yao ya pwani, sheha kaniita sijaenda. Kwani kiwanja si changu na hati ninayo?*
*Mwenye Hati, Mbweni*

Mwenye Hati mwanangu, pole kwa pampu na pole kwa sola, najua bei zake. Lakini hebu anza na hilo la sheha, kesho asubuhi panda gari uende, mana sheha ndo anaeweka kumbukumbu za nani anakaa na nani kaingia katika shehia yake, na siku ukipata jambo kubwa ndo mtu wa mwanzo utaempigia. Umemdharau kabla hujamhitaji, sasa hiyo akili gani?

Hati unayo, sawa, hongera. Ila soma vizuri, Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, wewe umepewa haki ya kuitumia. Na pwani si ya mtu yoyote, ni ya wote. Hiyo njia unayotaka kuiziba, kinamama wanapita kwenda kwenye mwani, na kilimo cha mwani upande huo kipo tangu 1989, pengine wewe ulikuwa bado skuli. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana wao ndo wanaingia, kisha wanarudi na gunia la mwani mbichi kichwani linachuruzika maji ya chumvi mgongoni, wewe unataka wazunguke ukuta wako wote juani?

Na hapa ndo pa kutumia akili, mana umeangalia haki yako tu hujaangalia faida yako. Yule mama anaepita ubavuni mwa nyumba yako saa kumi na moja alfajiri ndo macho yako peke yake pale siku za kazi. Yeye ndo angeiona gari inapakia paneli zako, angeuliza "hee, fundi mbona usiku?" na angempigia mtu simu. Ukimfungia njia, macho hayo yamekwenda. Alafu ukuta mrefu unamficha nani? Mwizi akisharuka humo ndani anafanya kazi kwa raha zake, hata akitaka kupika chai anapika. Piga bigili la mawe urefu wa kifua, kama wanavozungushia makonde yao ya maweni, acha njia wazi pembeni, upana wa kupita gari ya ng'ombe, na hapo njiani weka taa moja ya sola. Taa hiyo itakulindia nyumba na itawamulikia wao, utaona watakavoitunza.

Mbwa mie sipendi hata kidogo. Watu wanakwenda sala ya alfajiri, watoto wanakwenda chuo cha Kurani, mbwa akimtia meno mtoto wa mtu hapo kijijini basi hata uje na ngamia wa fidia hukai tena kwa amani. Na tena, Jumatatu mpaka Ijumaa anawalisha nani?

Kama ni mlinzi tafuta mtu mzima wa kiambo hicho hicho, mwenye familia yake hapo, usilete mpwa wako kutoka mjini anaeshinda kwenye simu. Mlipe kila mwezi na umlipe kwa wakati, mana nimeona matajiri wengi mnajenga kwa mamilioni alafu alieachiwa funguo anapewa kanga moja ya mkewe siku ya Idi na miezi mitatu ya ahadi, kisha nyumba ikivunjwa mnashangaa. Andikianeni mbele ya sheha, kazi yake nini, analala wapi, anaruhusiwa kutumia nini, akiumwa nani anashika zamu.

Pampu itie ndani ya kizimba cha nondo ulichokitia saruji, ichonge jina lako kwa patasi mahali panapoonekana, namba zake zote na za sola piga picha uweke. Kamera nzuri, lakini kamera inataka umeme na intaneti, na sie tunaokumbuka kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima hatuwezi kuweka roho zetu kwenye waya. Na tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, hakikisha ina yuniti, watu wanaweka kamera alafu umeme unaisha Jumanne wao wako mjini hawana habari.

Sisemi watu wa huko wote malaika. Pampu haikuondoka kwa miguu yake, na mara nyingi anaeiba ni mtu anaejua ratiba yako, unakuja lini unaondoka lini, na anaweza kuwa fundi wako mwenyewe wa mjini. Karipoti polisi kila mara hata kama unaona hawatopata kitu, mana bila ripoti huna pa kuanzia. Ila usisimame barazani ukasema "watu wa hapa wezi", umeshawatukana watu mia kwa kosa la mmoja. Na akikamatwa, kwa jina la Mungu asipigwe, apelekwe kituoni, simu ni 112.

Jengine dogo. Unaingia na buti limejaa vyakula vya mjini mpaka chumvi. Nunua samaki hapo hapo, nunua nazi hapo hapo, kaa kwenye baraza ya duka dakika kumi uulizwe khabari za mjini. Kukitokea msiba na wewe upo, vaa kanzu uende mazikoni. Ramadhani ukiwa huko watakuletea sahani ya futari, na sahani hairudi tupu, hilo nadhani mamako kakufundisha.

*Bi Mkubwa shkamoo. Mie niko Muscat, nimenunua kiwanja karibu na Wete nikajenga nyumba ya kufikia nikija likizo. Kuna mzee kila baada ya miezi anaingia kiwanjani na mkwezi wake, anaangua nazi anaondoka nazo, hata hodi hapigi. Mdogo wangu anataka kumshtaki kwa wizi. Nifanyeje?*
*Mgeni Kwao, Muscat*

Marahaba mwanangu. Mwambie mdogo wako akae kwanza. Kwetu visiwani toka zamani ardhi kitu chengine na miti kitu chengine, mtu anaweza kuwa na minazi yake au mikarafuu yake kwenye ardhi anayoitumia mtu mwengine, na inarithiwa vile vile. Sasa alokuuzia kiwanja pengine kauza kilicho chake, minazi haikuwa yake au hakuitaja. Toa mkataba wako uusome, miti imeandikwa? Imehesabiwa? Kama haimo, huyo mzee huenda anaangua nazi za babu yake na nyie ndo mnataka kumpeleka ndani, aibu hiyo mtaibeba wapi.

Mtume mtu mzima wa familia, sio huyo mdogo wako mwenye hasira, akakae na mzee na wazee wa jirani na sheha awepo, muulize ile minazi ni mingapi na ya nani. Ikithibiti ni yake, ama umnunulie mkaandikiana, ama aendelee kuangua lakini mpatane siku, na apige hodi. Mie ningekuwa wewe ningemwacha aendelee. Nazi zinaanguliwa kila miezi mitatu hivi, bila mkwezi zitakuwa zinaanguka zenyewe na wajukuu wako wanacheza chini, na huyo mzee kila akija anakukagulia nyumba bila ya mshahara. Ikithibiti si yake, basi hapo mambo mengine, na pa kusikilizwa pakishindikana kwa sheha ni Mahakama ya Ardhi.

Na msimu wa karafuu ukiingia huko Pemba, wakikuomba uani waanike majamvi yao, wape. Watu wanaolinda karafuu zao usiku kucha wanalinda na uani kwako.

*Mie niko upande wa pili, Bi Mkubwa, ni jirani wa hao wenye majumba, huku Bwejuu. Jirani yetu anakuja na marafiki, mziki mpaka usiku wa manane, na tangu achimbe kisima chake kirefu na kujaza bwawa la kuogelea, kisima chetu maji yameanza chumvi. Tukisema anatuambia tuna choyo.*
*Tumechoka, Bwejuu*

Hamna choyo. Upande huo wa maweni maji matamu yamekaa kitabaka chembamba juu ya maji ya bahari, ukiyavuta kwa nguvu na kwa wingi ile chumvi inapanda, na inapanda kwa kila mtu. Jambo la pili muulizeni karo lake la maji machafu kalichimba wapi, mana jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu, uchafu unapita upesi mpaka kisimani, hilo ndo linalonitisha zaidi kuliko mziki. Nendeni kwa sheha mukiwa watu watano sita, mchukue maji ya kisima kwenye chupa muwaonyeshe, na ZAWA (mamlaka ya maji) na ZEMA (mamlaka ya mazingira) waarifiwe kwa maandishi. Mziki nao, kama anakodisha hiyo nyumba kwa wageni basi ni biashara, inataka leseni ya Kamisheni ya Utalii, muulizeni anayo? Utaona sauti inavoshuka yenyewe.

Na nyie mawe kwenye bati lake musirushe. Nimesoma mstari wa mwisho wa barua yenu ambao sikuuchapa.

*Naondoka masika yote, nyumba yangu ya makuti iko Matemwe. Nifunge nini?*
*Msafiri*

Zima umeme kwenye swichi kubwa, funga maji ya tangi. Makuti mwite fundi ayaangalie kabla mvua hazijaanza, na majani makavu yanayozunguka nyumba fyeka, mana moto wa makuti hausubiri zimamoto (114) wafike kutoka mbali, atakaeuzima ni jirani mwenye ndoo, kwaio muonyeshe bomba la nje lilipo na muachie namba yako ya simu. Kufuli nunua la shaba ulitie mafuta, hizi za bei rahisi upepo wa bahari unazila kwa mwezi mmoja utakuja kuvunja mlango wako mwenyewe. Magodoro yasimamishe. Na mtungi wa gesi utoe ndani leo leo, usije ukakumbuka uko kwenye boti.