Jibu langu: dai za mbao (rangi za kuyeyusha zinazopenya kwenye mbao), laka na sheria za hewa, kosa liko kwenye thina sio kwenye kopo

Mkuu umesema mkaguzi wa hewa kakuandikia kwamba laka unayopuliza imezidi kiwango, wakati kopo limeandikwa wazi VOC (kemikali za ogani zinazoruka hewani) gramu 275 kwa lita na kikomo chako ni hiyohiyo 275, na hapohapo ukauliza kama zile dai zako za spiriti nazo uzitupe. Mimi kazi yangu ni finishi za fanicha na hili suala nimekaa nalo sana, ngoja nijibu kwa kirefu maana majibu niliyoona hapo juu mengi ni "nunua laka ya maji tu basi".

Kopo halina kesi. Kinachopimwa ni kile kilichomo kwenye kikombe cha spregani muda unapovuta triga. Chukua lita moja ya hiyo laka yako, ina gramu 275 za kemikali zinazoruka. Umeona nzito, ukatia robo lita ya thina. Thina lita moja ina uzito wa kama gramu 800 hivi, kwa hiyo robo yake umeongeza gramu 200. Sasa una gramu 475 ndani ya lita moja na robo, gawanya, unapata 380. Mkaguzi akichukua sampo kwenye kikombe hana haja ya kusoma kopo lako, umeshazidi kwa zaidi ya gramu 100 na hujafanya kitu ambacho fundi mwingine hafanyi. Ulaya nao ni hivyohivyo, ile direktivu ya 2004/42 inahesabu bidhaa ikiwa tayari kutumika, yaani na thina aliyoelekeza mtengenezaji ikiwa imo.

Sasa utasikia watu wanakwambia tia asetoni badala ya thina. Inategemea uko chini ya sheria ipi. Marekani, EPA (shirika la serikali la mazingira) waliitoa asetoni kwenye orodha ya VOC mwaka 1995, kwa sababu kule wanachoangalia ni mvuke unaochangia kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi inayochafua hewa, ile inayopatikana mvuke ukikutana na oksidi za naitrojeni na jua, na asetoni kwenye hilo ni mvivu sana. Kwa hiyo ukitia robo lita ya asetoni kwenye lita ya laka ya 275, kwenye hesabu wanaitoa hiyo robo kama vile haikuwepo na namba inabaki 275. Angalia vizuri, haishuki! Kuna jamaa wanadhani wakijaza asetoni laka ya 550 itakuwa halali, hapana, inabaki 550 vilevile. Ila Ulaya hawaangalii ozoni kwenye kuainisha, wanaangalia kiwango cha kuchemka: kemikali ya ogani inayoanza kuchemka nyuzi 250 au chini ni VOC, na asetoni inachemka nyuzi 56, basi huko ni VOC kama thina nyingine yoyote. Ndiyo maana ushauri wa video za fundi wa nchi nyingine unaweza ukakuingiza kwenye faini huku yeye yuko sawa kabisa kwake.

Na laka ya maji nayo ina mtego wake. Sheria nyingi za Marekani zinahesabu "bila maji", yaani kopo la lita moja la laka ya maji lenye gramu 100 za solventi (kiyeyushi) na mililita 700 za maji, wanagawa 100 kwa zile mililita 300 zilizobaki, unapata 333. Ni laka ya maji na bado umefeli. Kwa hiyo kwenye karatasi ya data ya mtengenezaji tafuta namba mbili, ya bidhaa nzima na ya bila maji, halafu soma sheria yako inataka ipi.

Haya, dai. Dai ya unga iliyoyeyushwa kwenye spiriti ni kama spiriti tupu kwa hesabu, inakaribia gramu 790 kwa lita, hakuna namna ya kuibembeleza. Ukichanganya maji na spiriti nusu kwa nusu bado uko karibu 400. California, kwenye wilaya ya hewa ya South Coast (eneo la Los Angeles), steini, yaani rangi za mbao, zenye yabisi kidogo, yaani vitu vichache vinavyobaki zikikauka (dai ndiko zinakoangukia) zinahesabiwa pamoja na maji yake na kikomo ni gramu 120 kwa lita, kwa hiyo dai ya unga kwenye maji matupu inapita bila jasho. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuhamia kwanza kabla hujagusa laka, kwa sababu ni rahisi na rangi inatoka safi, tena unapata muda wa kuisambaza, spiriti inakauka haraka mno kwenye meza pana unabaki na mistari ya kupandana.

Watu wanaikimbia ya maji kwa sababu inainua nyuzi za mbao. Inainua kweli. Dawa yake: lowesha mbao na sponji yenye maji kabla ya rangi, acha ikauke kabisa, pitisha kiganja utasikia imekuwa kama kidevu kilichonyolewa jana, piga msasa wa 320 mkono mwepesi sana, kukata vile vinyweleo tu usichimbe. Ukizidisha unafungua nyuzi mpya na kazi inaanza upya. Baada ya hapo ndiyo unapaka dai, na itainuka kidogo sana. Usipige msasa juu ya dai kavu, utatoboa rangi kwenye kona, subiri mpaka umeweka sila (tabaka la kwanza la kuziba).

Hapo kwenye sila napo pana jambo, finishi ya maji juu ya dai ya maji inaivuta rangi, hasa ukipaka kwa brashi, unaona brashi imekuwa nyekundu. Shelaki (vanishi ya gundi ya wadudu) iliyotolewa nta inazuia hilo vizuri, lakini shelaki inayeyushwa kwa spiriti. Kwenye sheria ya rangi za majengo ya hiyohiyo South Coast, shelaki angavu wameipa kikomo chake cha 730, ila karakana ya fanicha inaweza kuwa chini ya sheria nyingine kabisa, usijipe ruhusa hiyo mwenyewe. Njia isiyo na maswali ni kupuliza sila ya maji koti (tabaka) jepesi, karibu kavu, ikishika ndiyo unarudi na koti la kawaida.

Spregani iwe HVLP (ya hewa nyingi kwa presha ndogo), presha kwenye kofia yake haizidi psi 10, ukungu unapungua na bidhaa inakaa kwenye mbao. Mengine ni nidhamu tu: kopo lifunikwe, matambara yenye solventi yaingie kwenye debe la chuma lenye mfuniko, na unaposafisha spregani usipulize thina hewani. Daftari liwe na tarehe, bidhaa, lita, thina gani na kiasi gani. Wakaguzi niliokutana nao wanaangalia makopo wazi kwanza, daftari la pili, laka baadaye.

Halafu, kutii sheria ya hewa ya nje sio kulinda mapafu yako. Asetoni imesamehewa VOC lakini inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, feni ya kawaida yenye cheche usiiweke hapo. Barakoa ya vumbi haishiki mvuke, unataka ya katriji za mvuke wa ogani, na kama unapiga poliyurethani ya kuchanganya na hadina (kigumishi) yenye isosayaneti, kemikali hatari kwa mapafu, hapo ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje.

Hizo laka za zamani ulizonazo stoo usiziache wazi zikauke zenyewe kama ulivyoshauriwa hapo juu, hilo lenyewe sehemu nyingi ni kosa. Funga, andika lebo, peleka panapopokelewa taka za kemikali na uchukue risiti uibandike kwenye lile daftari.