Kasa wa Aegina: kuikagua stateri, sarafu ya fedha ya Wagiriki wa kale, kabla hujailipia

Anza na miguu. Mnyama wa sarafu za kwanza za Aegina, kisiwa cha Ugiriki kilichoanza kupiga fedha karne ya 6 KK, ni kasa, na kasa ana mapezi. Ukiona miguu yenye vidole na gamba lililogawanyika mabamba mabamba, huyo ni kobe, na sarafu hiyo ilipigwa baadaye, Athene ikiwa imekwisha kukitiisha kisiwa. Kiswahili kina majina mawili, basi tusiwachanganye: bei zao hazifanani.

Kisha linganisha pande mbili. Kasa wa mwanzo ana mstari wa vitone mgongoni, na nyuma ya sarafu kuna shimo lililogawanywa pembetatu nyingi ndogo. Kuanzia karibu 480 KK vitone viwili huongezwa chini ya shingo, vikifanya umbo la T, na shimo la nyuma huwa na vyumba vikubwa vichache, vyenye kuta pana. Mgongo wa T ukiambatana na shimo la kizamani, shuku.

Fundi alikiweka kipande cha fedha juu ya muhuri wenye picha ya kasa uliokaa kwenye fuawe, akaweka tindo juu yake na kupiga nyundo. Kwa hiyo kichwa kilichokatika ukingoni, nyufa za pembeni na umbo la bonge si kasoro. Hata mgongo wa kasa uliofifia, huku upande wa nyuma ukiwa mkali, ni kawaida, maana mihuri ya Aegina ilitumika mpaka ikachakaa. Kinachopaswa kukutisha ni sarafu mbili zenye ukingo uleule na nyufa zilezile. Nyundo ya mkono haitoi mapacha, kalibu hutoa. Chunguza kwa lenzi pembe za shimo la nyuma: vitundu vya mviringo ni mapovu ya kumimina.

Ukikuta mkato wa patasi, ushukuru. Wafanyabiashara wa kale walikata ili waone ndani, nawe chungulia humo humo: wekundu au kijani ni kiini cha shaba kilichovikwa fedha.

Stateri nzima ina takriban gramu 12.2, drakma, sarafu ndogo zaidi, ni nusu yake. Lakini uzito peke yake hautoshi. Chukua mizani inayosoma gramu 0.01, weka juu yake kikombe cha maji, irudishe sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba inayosomeka: 12.20 kwa 1.17 ni 10.4, karibu na 10.49, msongamano wa fedha safi. Yenye gramu 10.30 ikisoma 1.14, jibu ni 9.0, na hiyo ni shaba ndani. Wengi hukosea hapa kwa sababu hewa hunasa kwenye lile shimo na kulishusha jibu la sarafu nzuri. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la sabuni. Risasi ni nzito kuliko fedha, hivyo mchanganyiko wake na shaba unaweza kudanganya, usiruke lenzi.

Mwombe muuzaji karatasi za historia ya umiliki. Ugiriki inalinda mambo ya kale yake kwa sheria namba 4858 ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile namba 3028 ya 2002.

Usiisugue wala kuitia siki. Fedha iliyokaa ardhini miaka 2,500 inaweza kuwa kavu kama kigae na kuvunjika ikianguka, kwa hiyo ishike ukingoni, juu ya taulo iliyokunjwa.